Baba alipigana Vita ya Kagera na kila kliniki anakuta daktari mpya: wazee waombe hospitali yao?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi nakaa Buzuruga hapa Mwanza, baba yangu yuko Sengerema. Ana miaka 69. Aliingia jeshini mwaka 1977, akapigana Vita ya Kagera, akastaafu akiwa sajini. Ana vipande vya kombora kwenye paja la kushoto, goti la upande huo linamtesa, masikio ni mazito, na ana presha. Kitambulisho cha mstaafu anacho na anatibiwa kwenye hospitali ya jeshi. Tatizo ni kwamba kila tukienda tunakuta daktari mwingine, anaanza kumuuliza upya kama hajawahi kufika. Bingwa wa mifupa tumeambiwa zaidi ya mara moja kwamba yuko safarini. Dawa za presha kaandikiwa na mmoja, diklofenaki ya goti kaandikiwa na mwingine, anameza zote kila siku. Usiku anaamka akipiga kelele, hasa radi za alfajiri zinapoanza.

Mdogo wangu yuko Marekani, anasema kule askari wastaafu wana hospitali zao wenyewe. Wazee wenzake baba wakasikia, sasa wanataka kuandika barua kuomba hospitali kama hiyo ijengwe Kanda ya Ziwa. Je, waombe? Na kwa sasa nifanye nini na baba? Halafu, ni sawa niwe naingia naye kwa daktari?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Mfikishie na mzee shikamoo yangu.

Barua waandike. Ila kama wangenikaribisha mezani, ningewasihi wasiombe jengo. Waombe daktari, muuguzi na siku ya kliniki. Nitaeleza kwa nini, kisha nitakuja kwa baba yako, maana yake hayawezi kungoja barua ijibiwe.

Mdogo wako hakukosea. Marekani wana idara kamili ya serikali kwa ajili ya askari wastaafu. Iliundwa mwaka 1930, ikapandishwa kuwa wizara mwaka 1989, na leo ina hospitali zipatazo 170, vituo vya wagonjwa wa nje zaidi ya 1,000, na watu zaidi ya milioni 9 walioandikishwa kutibiwa humo. Fedha zipo, majengo yapo. Na bado mwaka 2014 nchi nzima ilishtuka ilipobainika kwamba kwenye hospitali ya Phoenix, jimbo la Arizona, kulikuwa na orodha za wagonjwa zilizofichwa. Watu walisubiri miezi kumwona daktari, huku taarifa zilizopelekwa makao makuu zikionyesha wanasubiri siku chache tu. Wapo waliofariki majina yao yakiwa bado kwenye orodha. Waziri wao Eric Shinseki, jenerali mstaafu ambaye mwenyewe alipoteza sehemu ya unyayo Vietnam, alijiuzulu Mei mwaka huo.

Lililotokea pale kila mtu anayesimamia hospitali anapaswa kulijua. Wakuu walipewa lengo: mgonjwa aonwe ndani ya siku 14. Madaktari wa kulifikia lengo hilo hawakuwapo wa kutosha, na marupurupu ya wakuu yalitegemea lengo lifikiwe. Basi tarehe zikachezewa. Mgonjwa anaomba kuonwa leo, nafasi inapatikana baada ya miezi mitatu, na kwenye kompyuta inaandikwa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka tarehe ile. Muda wa kusubiri: sifuri.

Tangu hapo wamepitisha sheria mbili kubwa, mwaka 2014 na 2018. Ile ya pili inamruhusu mstaafu kwenda kwa daktari wa nje, serikali ikalipa, iwapo atalazimika kungoja zaidi ya siku 20 kwa huduma za kawaida au siku 28 kwa bingwa. Watumishi bado hawatoshi. Agosti 2025 mkaguzi mkuu wa idara hiyo alitoa ripoti yake ya mwaka, na hospitali 139 zilizoulizwa zilitaja upungufu mkubwa mara 4,434, kila mara ikiwa ni kada moja ndani ya hospitali moja. Hilo ni ongezeko la nusu nzima ndani ya mwaka mmoja. Kwenye kada za tiba, iliyotajwa na hospitali nyingi kuliko zote ni ya wanasaikolojia, yaani watu ambao baba yako anawahitaji kuliko anavyojua.

Nisiwaonee. Tafiti nyingi zilizolinganisha huduma za hospitali hizo na za hospitali nyingine za Marekani zimekuta kwamba mgonjwa akishaingia ndani, anatibiwa sawa na kwingine au vizuri zaidi. Na uzuri huo una asili yake, ambayo wazee wenu wangefaidika kuijua. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari waliorudi nyumbani walikuwa mamilioni, na hospitali zao zilikuwa na sifa mbaya: nyingi ziko mbali na miji, madaktari hawataki kwenda. Idara akakabidhiwa Jenerali Omar Bradley, na upande wa tiba akamweka Paul Hawley, daktari wa jeshi. Januari 1946 waliamua kwamba hospitali za askari ziunganishwe na vyuo vikuu vya udaktari. Profesa afundishe chuoni na awe na wodi ya askari. Wanafunzi wajifunzie humo. Hadi leo sehemu kubwa ya madaktari wa Marekani wamepita kwenye hospitali hizo wakiwa mafunzoni. Kwa hiyo hata huko tunakokutolea mfano, hospitali ya askari ilianza kuwa nzuri ilipofungua milango kwa madaktari wa raia.

Sasa turudi ziwani kwetu. Ukiwa katikati ya mji wa Mwanza ukainua macho unaiona Bugando kilimani. Ilifunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima, na chuo kikuu cha Kikatoliki cha sayansi za afya kiko palepale. Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Watu wa Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga wanamiminika hapa. Daktari bingwa wa mifupa anayeona magoti na mapaja kila siku ya Mungu ndiye unayemtaka kwa baba yako. Yule atakayewekwa kwenye hospitali mpya ya wastaafu peke yao, aone wazee wachache kwa siku, baada ya miaka miwili mkono wake utakuwa umepoa. Upasuaji ni kazi ya mazoea. Anayefanya mara chache hukosea mara nyingi, na hilo limethibitishwa kwa aina nyingi za operesheni.

Halafu kuna hesabu ya zamu, ambayo wanaoomba majengo huwa hawaipigi. Wiki ina saa 168. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki anaziba chini kidogo ya robo yake. Kwa hiyo nafasi moja tu ya muuguzi, anayepaswa kuwapo mchana na usiku siku zote, inahitaji wauguzi wanne na ushee. Ongeza likizo, uzazi, ugonjwa, msiba, masomo: ni watano. Watano kwa kiti kimoja. Wodi ndogo yenye wauguzi wawili kila zamu inataka kumi, kabla hujagusa maabara, famasia, mtaalamu wa usingizi, mazoezi ya viungo na mfagiaji. Nchi yetu haina ziada ya watu hao. Utawatoa wapi? Utawatoa kwenye hospitali ileile ambayo baba yako anaihitaji, na zote mbili zitabaki na mapengo.

Kwamba mnakuta daktari mpya kila mara, msidhani ni dharau kwa mzee. Daktari wa jeshi ni askari kwanza. Anahamishwa, anaitwa kwenye mazoezi, anapelekwa na kikosi nje ya nchi kulinda amani. Tangu mwaka 2013 vijana wetu wako mashariki mwa Congo, na Desemba 7, 2017, kambi yao kule Semuliki ilivamiwa na wasiopungua 14 wakauawa, wengine wengi wakajeruhiwa. Lazima madaktari wawe nao huko, hakuna mwenye akili atakayelalamika. Naitaja Semuliki pia kwa sababu watu wanazungumza kana kwamba jambo hili litakwisha lenyewe wazee wa Kagera wakishaondoka. Waliojeruhiwa Congo na Darfur wana umri wa kuwa watoto wa baba yako, na nao watazeeka na majeraha yao.

Majirani zetu Rwanda wana bima ya tiba ya kijeshi tangu mwaka 2005, na hospitali yao ya jeshi ya Kanombe inatibu raia na kufundisha madaktari. Naona waliliona hilihili: askari anatibiwa vizuri pale ambapo daktari ana kazi ya kutosha na sababu ya kubaki.

Hayo ya barua nitayamalizia baadaye. Sasa baba yako.

Fikiria chumba cha daktari ambaye siku hiyo ana wagonjwa 40 na saa sita za kuwaona. Kila mmoja anapata dakika tisa. Mzee asiyesikia vizuri anatumia nne kwenye salamu na kurudiwa maswali. Zilizobaki zigawe kwa goti, presha, paja, usingizi. Daktari ataandika dawa ya kile alichokisikia kwanza, atamwita anayefuata. Huwezi kumwongezea dakika, ila unaweza kumpunguzia maswali. Chukua karatasi moja, andika kwa herufi kubwa: jina na umri, alijeruhiwa lini, wapi mwilini, na kwamba vyuma bado vimo, operesheni alizofanyiwa, dawa zote anazotumia kwa majina yake na kiasi, pamoja na zile za kununua dukani na za mitishamba, dawa iliyowahi kumdhuru, na mstari mmoja unaosema, "Hasikii vizuri, tafadhali ongea ukimtazama usoni." Toa nakala kadhaa. Kila daktari apewe ya kwake, na moja ibandikwe kwenye faili. Nimeona karatasi ya namna hiyo ikibadilisha kabisa namna mgonjwa anavyopokelewa, kwa sababu daktari anayeanza na habari iliyokamilika anapata muda wa kufikiri.

Habari ya vyuma ni ya kusisitiza. Kuna kipimo kinaitwa MRI, kinatumia sumaku yenye nguvu kubwa mno. Kipande cha chuma kilichotulia kwenye nyama tangu mwaka 1979 kinaweza kusogea au kupata joto ndani ya sumaku hiyo, na kikiwa karibu na mshipa mkubwa wa damu au jicho, ni hatari. Kabla ya kipimo hicho aseme ana vipande vya kombora, na apigwe eksirei kwanza ionekane viko wapi na vingapi. Usitegemee kwamba ataulizwa.

Diklofenaki ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vyote ulivyoandika. Dawa ile inatuliza goti kweli, lakini ikimezwa kila siku na mtu wa miaka 69 inapandisha presha, inachubua tumbo hadi kutoa damu, na inaumiza figo. Ikikutana na baadhi ya dawa za presha, hasa zile za jamii ya kaptoprili, enalaprili au losatani pamoja na dawa ya kumkojoza, figo zinaweza kuzimika taratibu bila yeye kuhisi kitu. Basi utakuta presha haishuki, daktari anaongeza dawa ya presha, goti linauma, daktari mwingine anaongeza diklofenaki. Kila mmoja ametibu sawasawa ugonjwa ulio mbele yake, na mgonjwa anaharibika. Nikisema ubora wa tiba ni mtu yuleyule kumwona mgonjwa yuleyule, nazungumzia hili hasa. Wiki hii mpeleke kwa daktari na dawa zake zote kwenye mfuko, umwonyeshe zote kwa pamoja, uombe apimwe kreatinini kuona figo. Kwa goti kuna parasetamo kwa kipimo sahihi, kuna dawa ya kupaka, na kuna mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja ambayo mtaalamu wa viungo anaweza kumfundisha kwa siku moja naye akaendelea nyumbani. Dawa za presha asiziache hata siku moja kwa uamuzi wake. Na fimbo: kama goti bovu ni la kushoto, fimbo ishikwe mkono wa kulia. Wazee wengi wanashika upande unaouma, na goti linaendelea kubeba mzigo wote.

Masikio. Mtu aliyekaa karibu na mizinga, na ile mitambo ya roketi waliyoiita Saba Saba, hawezi kutoka na masikio mazima. Kwanza atazamwe kama ana nta iliyoziba, maana hilo linatibika palepale. Halafu apimwe usikivu. Usikubali jibu la kwamba ni uzee tu. Mzee asiyesikia hujibu ovyo, akajitenga, watu wakaanza kusema akili zimemruka. Nimewaona wazee waliopewa dawa za kuchanganyikiwa wakati walichohitaji ni kifaa cha kusikia.

Na kwa kuwa yuko Sengerema, kandokando ya ziwa, mwombee kipimo cha kichocho. Kichocho cha tumbo kimeenea mno kwenye mwambao wetu. Kikikaa mwilini miaka mingi kinaharibu ini, na mtu anaweza kuja kutapika damu bila dalili nyingine ya awali. Dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi. Ukiona ametapika damu au choo kimekuwa cheusi kama lami, usingoje kliniki wala asubuhi, na hapo kumbuka diklofenaki nayo inaweza kuleta hivyohivyo.

Sasa usiku. Hili naliandika polepole, kwa sababu nadhani ndilo linalokuumiza na ndilo ambalo mzee hatalitaja kwa daktari.

Wanajeshi wetu walivuka Kagera, wakapita Mutukula na Masaka, wakaingia Kampala Aprili 11, 1979. Walirudi wakapokewa kwa ngoma. Hakuna aliyewauliza wanalalaje. Wala si Tanzania peke yake: ugonjwa huu wa kuandamwa na kiwewe cha vita uliingizwa kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya baba yako kuwa amesharudi kambini. Aliyeshtuka usiku alionekana amerogwa, au mlevi, au mwoga. Wengi wakajitibu kwa gongo. Kadiri mtu alivyokuwa na kazi na amri za kila siku, mambo yalitulia. Akistaafu, akibaki nyumbani na muda mrefu wa kuwaza, yanarudi. Radi zetu za alfajiri zinatoka ziwani zikivuma kwa mfululizo, na kwa masikio yake ni mizinga.

Huo ni ugonjwa, una jina, na unatibika hata baada ya miaka zaidi ya arobaini. Tiba yake kubwa ni mazungumzo yenye utaratibu na mtu aliyefunzwa, na zipo dawa zinazosaidia. Madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache mno, kwa hiyo usikae kumsubiri bingwa. Uliza muuguzi wa afya ya akili. Hao wapo kwenye hospitali za wilaya na mkoa, wamefunzwa, na mara nyingi wanatumwa kufanya kazi nyingine za wodi kwa sababu hakuna anayewaulizia. Akiandikiwa diazepamu ya kulalia, uliza itatumika kwa muda gani. Kwa wazee huleta kuanguka na kusahau, na ikizoeleka ni kazi kuiacha. Nyumbani, radi zikianza, mwite kwa jina kutoka mbali kabla ya kumgusa. Washa taa. Mwambie yuko wapi na ni siku gani. Ukisikia anasema amewachosha, afadhali afe, basi usimwache peke yake, ondoa sumu za shamba na za mifugo, mpeleke siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja la Wamarekani ambalo ningeliiga kesho. Mwaka 1979, mwaka uleule vita yetu ilipokwisha, walianzisha vituo vidogo vya ushauri kwa askari wa Vietnam, nje ya hospitali, mitaani, na washauri wengi walikuwa askari wenyewe waliofunzwa kazi hiyo. Askari anayeogopa mlango wa wodi ya akili anaingia hapo bila aibu. Wazee wenu wa Sengerema tayari wanakutana, si ndiyo hao wanaoandika barua? Muuguzi mmoja wa afya ya akili akikaa nao mara moja kwa mwezi chini ya mwembe wao, wamekwisha kupata nusu ya kituo.

Niseme neno kuhusu wale ambao mkutanoni huwa wanakaa nyuma. Vita ile haikupiganwa na wanajeshi wa kudumu peke yao. Walichukuliwa mgambo kwa makumi ya maelfu, wakapigana, wakarudi vijijini kulima na kuvua. Wengi hawana kitambulisho cha mstaafu wala pensheni. Kama yuko mmoja kati yao hapo kijijini, asikate tamaa: sera ya afya ya mwaka 2007 inatambua wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo kwamba watibiwe bila malipo. Aanze serikali ya kijiji apate barua na utambulisho wa mzee, kisha hospitalini amwone ofisa ustawi wa jamii. Nalisema kwa uchungu, maana chuma kilichoingia mguuni hakikuuliza nani ameajiriwa na nani ni mgambo. Barua ya wazee iwataje na hao.

Basi barua iwe hivi. Ipitie kwenye muungano wao wa wastaafu, MUWAWATA, iende kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na kwa upande wa tiba jeshini, nakala kwa mkuu wa mkoa. Waombe kliniki ya askari wazee, siku moja kila wiki, ndani ya hospitali iliyopo. Waombe tabibu au daktari mmoja anayejulikana kwa cheo na nafasi, ambaye akihamishwa anakabidhi mafaili kwa maandishi kwa anayekuja. Waombe muuguzi wa afya ya akili awepo siku hiyo, na bingwa wa mifupa kutoka hospitali ya rufaa afike siku moja ya mwezi iliyotangazwa, badala ya wazee kumfuata kila mmoja kwa nauli yake. Njia ipo, tangu Juni 19, 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi liko wazi, hakuna tena kusingizia kivuko. Waombe nusu saa kwa kila mgonjwa wa mara ya kwanza.

Na waombe kuonyeshwa hesabu kila baada ya miezi mitatu: wangapi walifika, wangapi waliondoka bila kuonwa, na kila mmoja alisubiri siku ngapi. Siku zihesabiwe kuanzia ile mzee aliyoomba kuonwa. Wakikubali zihesabiwe kuanzia tarehe iliyopangwa na hospitali, wataletewa takwimu za Phoenix. Hili la mwisho wasilegeze hata kidogo, hata kama watakubaliwa mengine yote.

Umeuliza kama ni sawa uingie naye. Muulize yeye, mkiwa bado nyumbani, si mlangoni kwa daktari. Ukiingia, kaa pembeni, usijibu kwa niaba yake, rudia tu kile asichokisikia. Habari za dawa na vyuma mzieleze wote wawili. Kisha mwambie daktari unatoka, na utoke, mzee abaki peke yake dakika chache. Kuna mambo ya vita, na mengine ya tezi dume na mkojo, ambayo mwanaume wa umri wake hatayasema mtoto wake akiwa amekaa hapo.